Kishikwambi kimoja kifanye kazi ya simu? Jibu kwa mwenye agroveti wa Ahero

Swali: "Nina duka la agroveti hapa Ahero na mtoto aliye Gredi 8. Simu yangu ina hifadhi ya GB 32 na imejaa, kila siku inaniambia nifute kitu. Nina shilingi 25,000. Kuna duka Kisumu mjini linauza kishikwambi cha inchi 10.1, laini mbili, 4G, 'RAM 12, hifadhi 512', Android 14, pamoja na kava, kibodi na kipanya, vyote 13,500. Nimefikiria nihamishie laini zangu mbili humo, mchana nikitumie dukani, jioni mtoto asomee, halafu 11,500 inayobaki iongeze stoki. Simu ya zamani nimpe mamangu. Je, nitakuwa nimekosea?"

Jibu:

Kununua kishikwambi si kosa. Kosa ni hapo uliposema utahamishia laini zako mbili humo. Hapa kwetu laini ndiyo pochi. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 pesa ya mtu hukaa kwenye laini, na kifaa kinachobeba laini hiyo hupimwa kwa jambo moja kabla ya mengine yote: ukikishika saa yoyote, pesa itatoka na kuingia? Inchi na RAM huja baadaye.

Vishikwambi, au tableti kama wanavyosema dukani, viko vya aina tatu hata kama kwenye rafu vyote ni kioo cheusi. Kuna vya Waifai pekee, visivyo na tundu la laini. Kuna vyenye tundu, ila laini ni ya intaneti tu: bando linafanya kazi, YouTube inafunguka, lakini hakuna mahali pa kubonyeza namba, kwa hiyo *334# huna pa kuiandika, na ile menyu ya laini yenye M-Pesa ndani haionekani. iPad zenye laini, pamoja na bei yake yote, ziko kundi hili. Kundi la tatu ndilo linalopiga simu na kufungua menyu ya laini kama simu ya kawaida. Hicho ulichoonyeshwa huenda ni cha kundi hili, lakini usitosheke na maneno ya muuzaji. Toa laini yako mbele yake, itie, subiri jina la mtandao litokee juu ya skrini, kisha piga *334#. Ikiwa unatoa risiti za eTIMS (mfumo wa risiti wa KRA) kwa kubonyeza, piga na *222#. Halafu tafuta programu ya menyu ya laini (SIM Toolkit) kwenye orodha ya programu. Ni kazi ya dakika tatu.

Tuseme kimefaulu. Bado kuna mambo ambayo boksi haliandiki. Vishikwambi vingi havina kile kispika kidogo cha sikioni, kwa hiyo simu ikiingia huongea kwa spika kubwa na duka zima linasikia mteja wa mkopo akijitetea. Vingi havitetemeki pia, na sauti ikiwa imezimwa hutajua umepigiwa. Ukiingiza PIN kwenye skrini ya inchi 10 iliyolala kwenye kaunta, aliyesimama upande wa pili anaisoma bila kujitahidi. Na ikifika saa mbili usiku kifaa kiko kwa mtoto, naye mteja wa Awasi ametuma pesa ya chanjo na anataka uthibitishe. Nani atasubiri, mteja au hesabu za mtoto?

Sasa turudi kwenye boksi lenyewe, maana namba zilizoandikwa pale zinahitaji kutafsiriwa.

"RAM 12" siku hizi mara nyingi ni 4 halisi na 8 za kukopa. Nenda Mipangilio, kisha Kuhusu, na huenda ukakuta imeandikwa waziwazi 4 + 8. Zile 8 zimekatwa kutoka kwenye hifadhi. Chukulia RAM ni kaunta yako na hifadhi ni stoo ya nyuma. Kwenye kaunta kila kitu kiko mkononi; stoo ni kubwa lakini lazima utembee. Ukitangaza kwamba kipande cha stoo nacho ni kaunta, kaunta haijaongezeka, umeongeza safari tu. RAM halisi hupitisha zaidi ya GB 10 kwa sekunde, wakati hifadhi ya aina ya eMMC iliyomo kwenye vifaa vya bei nafuu husoma MB 250 hadi 300 kwa sekunde. Ndiyo sababu kifaa cha "RAM 12" hukwama ukirudi WhatsApp kutoka kwenye kamera, na cha RAM 6 halisi hakikwami.

Hifadhi ya 512 ndiyo inayonitia shaka zaidi. Simu za kampuni zinazojulikana zenye hifadhi hiyo huuzwa mara kadhaa ya 13,500, basi hii inatoka wapi kwa bei hiyo, tena na kibodi na kipanya bure? Ujanja ni wa kawaida: programu ya ndani imehaririwa ionyeshe 512 wakati chipu ni ya 32 au 64. Siku ya kwanza hadi mwezi wa pili hutaona chochote. Siku picha zitakapopita ukubwa halisi wa chipu, mpya zitaandikwa juu ya za zamani au zisiandikwe kabisa: jina la faili lipo, ukiligusa unaona kisanduku cha kijivu. Kama muuzaji anakubali kurejesha ndani ya siku saba, upimaji wake ni huu: chukua video moja ya GB 4, inakili ndani ya kifaa mara 20, kisha fungua nakala ya kwanza na ya mwisho na uzitazame hadi mwisho. Chipu ya 32 au 64 haiwezi kufika huko. Kama hakubali kurejesha, hilo nalo ni jibu.

Toleo la Android nalo hughushiwa. Neno "14" kwenye ukurasa wa Kuhusu ni maandishi tu, yeyote anaweza kuyabadilisha. Angalia mistari miwili mingine. Mmoja ni tarehe ya sasisho la usalama. Ukikuta Android 14 yenye sasisho la 2019 unajua umedanganywa, kwa kuwa Android 14 ilitoka 2023. Wa pili huonekana ukipakua programu ya bure ya CPU-Z: kiwango cha API, yaani namba ya ndani ya kila toleo la Android. Android 14 ni 34, Android 10 ni 29, Android 8.1 ni 27. Ukiwa humohumo, soma RAM na idadi ya vitone vya skrini. Skrini ya inchi 10.1 yenye vitone 1024 kwa 600 haina haja ya kujadiliwa, herufi zitakuwa na meno kama msumeno.

Kipimo cha mwisho dukani ndicho ningekifanya hata kama nina dakika moja tu. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti kwenye kona, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu, na usome mstari wa Play Protect. Mstari huo lazima uonyeshe kwamba kifaa kimeidhinishwa. Kisichoidhinishwa kinaweza kukataliwa na programu za benki, lakini hilo ni dogo. Mwaka 2023 watafiti wa usalama walieleza kundi la vifaa vya Android vya bei ya kutupa, vingi vikiwa visanduku vya televisheni na baadhi vishikwambi, vilivyotoka kiwandani vikiwa na programu hasidi ndani. Waliuita mtandao huo BADBOX, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari juu yake. Ubaya wake ni kwamba kufuta kila kitu na kuanza upya hakusaidii, kwa sababu uchafu uko kwenye mfumo wenyewe na unarudi nao. Kifaa cha namna hiyo mtoto akitazamia katuni ni hasara ndogo. Kukitia laini yenye till ya duka na pesa ya chama ni jambo jingine kabisa.

Halafu piga *#06# uone IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa. Namba hiyo ina tarakimu 15, na kifaa cha laini mbili kina IMEI mbili. Zilinganishe na stika ya boksi, tarakimu kwa tarakimu. Waliokuwa na simu ghushi mwishoni mwa Septemba 2012 wanakumbuka jinsi zilivyozimwa nchi nzima kwa sababu ya namba hizi.

Baada ya kukisema hivyo, nitakitetea kishikwambi, maana kuna kazi ambazo simu haiziwezi hata ikigharimu laki moja.

Chukua rula. Noti na mitihani ya majaribio ambayo walimu hutuma kwenye kundi la WhatsApp huwa ni PDF ya karatasi ya A4, upana sentimita 21. Simu ya inchi 6.7 ikisimama ina upana wa skrini wa sentimita 7 hivi, yaani ukurasa mzima umebanwa hadi theluthi moja. Herufi iliyochapwa kwa ukubwa wa 12 inaonekana kama ya 4, ile ya maelezo ya chini ya dawa za kupe unazouza. Mtoto analazimika kuvuta, kusogeza kulia, kurudi kushoto, na kwenye jedwali la sayansi anapoteza safu aliyokuwa anasoma. Kishikwambi cha inchi 10.1 kikisimama kina upana wa sentimita 13.6: ile herufi ya 12 inakuwa kama ya 8, inayosomeka bila kuvuta chochote. Cha inchi 8.7 kina sentimita 11 na kidogo, herufi inakaribia 6 na nusu. Kijana mwenye macho mazuri atasoma, wewe utatafuta miwani. Kwa hiyo ukinunua kwa ajili ya PDF, usishuke chini ya inchi 10, na vitone viwe 1920 kwa 1200. Hiyo hukupa vitone 224 kwa kila inchi. 1280 kwa 800 hukupa 149 tu, ambayo kwa video ni sawa ila kwa vipeo vya hesabu inachosha.

Kujaza fomu ni eneo jingine. Sensa ya Agosti 2019 ilifanywa kwa vishikwambi badala ya makaratasi, vingine viliunganishwa Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Sababu inaeleweka ukishawahi kujaza fomu ya maswali mengi kwenye simu: kibodi ikipanda inafunika swali unalolijibu. Stoki yako ya dawa, tarehe za kuisha, daftari la chama kwenye jedwali, hayo yote ni ya skrini pana. Unaweza pia kugawa skrini, upande mmoja video ya mwalimu na upande wa pili daftari. Vishikwambi vingi vya Android huruhusu watumiaji zaidi ya mmoja, kila mmoja na mlango wake: wa mtoto hauoni picha zako wala ujumbe wako. Simu nyingi za bei nafuu huondoa uwezo huo.

Lakini kwa duka? Kamera zake nyingi ni za kuskani karatasi tu. Ukitaka kumtumia daktari wa mifugo picha ya kidonda cha ng'ombe, simu itakuhudumia vizuri zaidi. Baadhi ya vile vya Waifai pekee havina GPS, na kwa hivyo kupima shamba la mteja kwa kutembea mipaka hakuwezekani. Na mwanga wa skrini za bei nafuu hushindwa na jua la Ahero ukisimama mlangoni saa sita.

Kwa hiyo 25,000 ifanye nini?

Usiipasue katikati. Watu wengi hununua simu ya 12,000 na kishikwambi cha 13,000, na baada ya miezi minane wana vifaa viwili vinavyokwama. Weka sehemu kubwa kwenye simu yako kwanza, kwa sababu ndiyo inayolisha duka, na kinachobaki kiwe mwanzo wa kishikwambi cha baadaye, si cha leo.

Simu hiyo iwe na RAM halisi ya GB 6 au 8 (4 ndiyo sakafu, usiende chini), na hifadhi ya GB 128. Katika hizo 128 mfumo wenyewe hula kati ya 15 na 25, ndiyo maana ile 32 yako ilikuwa na nafasi ndogo tangu siku unainunua, WhatsApp ilimalizia tu. Uliza hifadhi ni eMMC au UFS, UFS 2.2 inaweza kusoma karibu GB 1 kwa sekunde, na tofauti utaiona katika jinsi programu zinavyofunguka mwaka wa pili, wakati ile nyingine imeanza kuchoka. Muuzaji asipojua, soma kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kitu ambacho hakuna anayekiuliza na ambacho ningekilipia zaidi ni miaka ya masasisho. Simu nyingi za bei ya chini hupata mwaka mmoja au miwili ya masasisho ya usalama, kisha mtengenezaji anahamia modeli mpya. Zingine zimebadilika: Samsung Galaxy A16 iliyotoka mwishoni mwa 2024 iliahidiwa miaka sita. Hiyo ni simu ambayo mtoto wako atamaliza sekondari bado inasasishwa. Simu iliyoachwa haizimiki siku hiyo, ila programu huanza kuikataa moja baada ya nyingine. WhatsApp, kwa mfano, iliacha kabisa Android 4.4 mwanzoni mwa 2025. Ukilinganisha simu mbili, gawa bei kwa miaka ya masasisho iliyobaki. Ya 20,000 kwa miaka mitano ni 4,000 kwa mwaka. Ya 12,000 kwa miaka miwili ni 6,000. Rahisi ni ipi?

5G usiilipie kwa bajeti hii. Ni kweli Kisumu, Kakamega na Kisii zilikuwa kwenye majaribio ya kwanza ya Safaricom mwezi Machi 2021, lakini kwa M-Pesa, WhatsApp na kumpa mtoto hotspoti, 4G nzuri inatosha. Kinachohitaji uangalifu ni masafa. 4G ya mashambani hutegemea masafa ya chini kama 800 MHz, yaani bendi ya 20, ambayo husafiri mbali na kupenya ukuta. Baadhi ya simu zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani hazina bendi hiyo kwa sababu kule haitumiki. Dukani Kisumu zinashika vizuri. Ukifika Ahero ndani, mistari inabaki mmoja, na mtu analaumu mtandao.

Kuhusu kulipa kidogokidogo kwa siku, fanya hesabu yote kabla ya kutia sahihi. Amana ya 3,000 na shilingi 60 kwa siku kwa siku 365 ni 24,900, na ukikosa siku kadhaa kifaa kinajifunga hadi ulipe. Ukiwa na pesa taslimu mkononi, hakuna sababu ya kuingia huko.

Betri itakusumbua zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu ya stima na kwa sababu ya joto. Tuanze na stima. Namba ya mAh peke yake hudanganya, geuza iwe wati-saa kwa kuzidisha na volti. Simu ya mAh 5000 kwa volti 3.85 ni wati-saa 19. Kishikwambi cha inchi 11 cha mAh 7040, kama Galaxy Tab A9+, ni 27. Powabenki iliyoandikwa 10,000 ni wati-saa 37 ndani, lakini ikipandisha volti kutoka 3.7 hadi 5 na kupitia waya hupoteza sehemu yake, unapata kama 30. Basi ni simu mara moja na nusu, au kishikwambi mara moja tu. Stima ikipotea siku mbili, hapo utajua kwa nini kifaa kinachobeba laini kinapaswa kuwa kidogo. Chaja nayo: ya wati 10 hujaza kile cha inchi 11 kwa saa tatu na nusu na zaidi, ya zamani ya wati 5, ile iliyolala kabatini, huchukua usiku kucha, na mtoto akikitumia kikiwa kwenye chaji kinaweza kushuka badala ya kupanda.

Joto ndilo linaloua betri kimyakimya. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha matumizi kuwa nyuzijoto 35. Chini ya mabati bila dari, saa nane mchana, duka lako linaweza kuwa limefika hapo kabla hujachomeka chochote; ongeza joto la kuchaji na la hotspoti, na betri ambayo ingedumu mizunguko 800 inaanza kuvimba mapema. Chaji asubuhi au usiku. Ukiwasha hotspoti muda mrefu, vua kava. Kama simu ina kitufe cha kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, kiwashe.

Na kwenye agroveti kuna adui wa tatu: vumbi la dairy meal na unga wa madini. Huingia kwenye tundu la chaji, ukisukuma waya unalishindilia, na baada ya miezi michache kuna kijitabaka kigumu chini. Dalili yake ni kwamba plagi ya USB-C haiingii hadi mwisho, inabaki nje kidogo, na chaji inakatika ukiigusa. Wengi hupelekwa kubadilishiwa tundu zima kwa tatizo hili. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mti, si sindano, kwaruza taratibu pembeni mwa ule ulimi wa katikati bila kuugusa, kisha geuza simu ikiangalia chini na uigonge kiganjani. Plagi ikiingia hadi mwisho utasikia ikikamata. Kiziba cha mpira cha kuweka kwenye tundu ni cha bei ndogo na kitakufaa.

Sasa simu ya zamani. Usimpe mama bado. Iokoe kwanza kwa ajili ya mtoto: WhatsApp, Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi, panga kwa ukubwa na ufute video za makundi. Zima kupakua video zenyewe. Lengo ni kuacha GB 6 tupu kati ya 32. Chini ya GB 2 au 3 mfumo hukosa nafasi ya kujipangia na kila kitu kinakwama. Mtoto aitumie kwa video za masomo na kuwasiliana na mwalimu, bila laini yako, kwa hotspoti ya simu mpya, na Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, ikiwa imewekwa saa za kulala. Noti ndefu za PDF zichapishe saiba. Kurasa 40 kwenye karatasi zitamfaa zaidi ya kurasa 40 kwenye inchi sita.

Ukifika wakati wa kishikwambi, nunua cha Waifai pekee au cha laini, haidhuru, kwa kuwa laini zako hazitaingia humo. Hapo ndipo utakuwa huru kutafuta skrini nzuri badala ya matundu ya laini. WhatsApp yako unaweza kuiunganisha humo kama kifaa cha ziada, mradi simu yenyewe itumike angalau mara moja kila siku 14. Ukiunganisha kwa hotspoti, fungua mipangilio ya ile Waifai kwenye kishikwambi na uitaje kuwa ya kulipiwa kwa kipimo (metered), la sivyo Play Store itasasisha programu 30 kwa bando lako la siku. Na kabla ya kulipa, muulize fundi wa Kisumu au Nakuru kama ana kioo cha modeli hiyo. Simu maarufu vioo vyake vimejaa kila mtaa. Vya vishikwambi mara nyingi huagizwa. Afadhali kimoja: katika vingi vya bei nafuu kioo cha kugusa na skrini ya chini havijagundishwa pamoja, kwa hiyo kioo kikipasuka na picha bado ni safi, hubadilishwa kioo peke yake.

Siku hiyo ndiyo simu ya zamani iende kwa mama, na kuna hatua ambayo huachwa. Kabla ya kufuta kila kitu, ingia Mipangilio, Akaunti, uondoe akaunti yako ya Google, ndipo ufute. Ukifuta kwanza kwa vitufe vya pembeni, simu ikiwashwa kijijini itadai nywila ya akaunti yako ya zamani, na mama hataivuka hadi uifuate mwenyewe.